Mshono wa tumbo ukiachia: kinachoendelea chini ya ngozi

Mama kajifungua kwa upasuaji, siku ya tisa mshono umeachia, na kabla hajafikishwa hospitali kesi imeshaamuliwa nyumbani. Aliinua ndoo. Alicheka mno. Alikataa kufungwa mkaja. Mzee aliyepasuliwa utumbo, tumbo likafumuka akiwa bado wodini, naye ataambiwa alikohoa vibaya, au kwamba daktari alimshonea uzi wa bei rahisi. Maelezo haya husambaa upesi kwa sababu kila mtu anayaelewa. Shida ni kwamba mara nyingi kidonda kilishaanza kushindwa siku kadhaa kabla ya hiyo ndoo kuinuliwa, na uzi unaolaumiwa, tumbo likifunguliwa tena, hukutwa mzima.

Tuanze na tumbo lenyewe. Mpasuaji anapoingia kwa mkato wa katikati, ule unaoteremka kando ya kitovu, kisu hupita kwenye ngozi, kisha mafuta, kisha utando mweupe mgumu ambao madaktari huuita fashia, na mwisho utando mwembamba unaozunguka matumbo. Kati ya vyote hivyo, anayebeba mzigo ni fashia. Ndiyo inayozuia utumbo usitoke nje unapokohoa, unapojikamua chooni, unapoinuka kitandani. Ngozi haibebi karibu chochote. Kazi yake ni kuzuia vijidudu visiingie na maji yasitoke. Mafuta hayana nguvu kabisa, na kwa kuwa damu haifiki humo kwa wingi, usaha hupenda kuanzia hapo.

Ndiyo maana watu wawili wanaweza kusema "mshono umefumuka" wakiwa na matatizo tofauti kabisa. Wa kwanza kidonda chake kimefunguka juu: ngozi na mafuta vimeachana, ukichungulia unaona shimo lenye majimaji au usaha, lakini chini yake fashia imeshika. Hii ni kero, inachosha, inaweza kuchukua wiki kadhaa kupona, lakini kwa kawaida haiui ikihudumiwa mapema. Wa pili fashia yake ndiyo imeachia. Hapo hakuna tena kizuizi kati ya utumbo na bandeji. Hili la pili ni adimu. Takwimu za hospitali nyingi duniani huliweka kati ya nusu asilimia na asilimia 3 hivi ya wanaopasuliwa tumbo, na mara nyingi hutokea kati ya siku ya 5 na ya 10. Ni dharura halisi. Katika ripoti nyingi, zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi waliopatwa nalo hufariki, mara nyingi kwa sababu ya ugonjwa uleule uliofanya tumbo lisipone.

Kinachochanganya ni kwamba ngozi inaweza kuwa imefunga vizuri huku chini yake fashia imeshaachana. Ngozi huziba upesi; ndani ya siku mbili hivi juu ya kidonda kilichoshonwa huwa kumeshajifunika. Ndugu wakija kumtazama mgonjwa wanaona mstari safi, wanashukuru Mungu. Mgonjwa mwenyewe anasikia kitu kama kimeachia ndani, tumbo linamjaa, hana hamu ya kula, na hakuna anayemsikiliza.

Uzi hukata nyama

Wapasuaji wanaolifungua tena tumbo lililofumuka hukutana na jambo moja mara kwa mara: fundo liko palepale, uzi uko palepale, ila umepita katikati ya fashia na kutoka upande wa pili. Fikiria muuza duka anavyokata mche wa sabuni kwa uzi. Uzi haukatiki, sabuni ndiyo inayokatika, na kadiri anavyouvuta kwa nguvu ndivyo unavyopita upesi. Tumbo linapovimba baada ya upasuaji, kwa gesi, kwa maji, kwa kikohozi, mshono uliokazwa sana hufanya vilevile kwenye utando ambao tayari umelainika kwa uvimbe au maambukizi.

Mwaka 1976 daktari mpasuaji wa Uingereza, T. P. N. Jenkins, alilitazama jambo hili kama fundi anayepima nguvu za kamba. Alionyesha kwamba tumbo likijaa, urefu wa mkato unaweza kuongezeka hadi asilimia 30. Uzi haurefuki kiasi hicho, kwa hiyo lazima kitu fulani kikubali, nacho ni nyama. Jibu lake lilikuwa la hesabu tu: tumia uzi mrefu zaidi. Mkato wa sentimita 20 uingize uzi usiopungua sentimita 80, yaani mara nne, ili kuwe na akiba ya kujinyoosha tumbo likipanda. Kanuni hiyo ya nne kwa moja bado inafundishwa.

Baadaye likaja swali la ukubwa wa pigo la sindano. Kwa miaka mingi wapasuaji walifundishwa kushona kwa hatua kubwa, sentimita moja kutoka ukingoni na sentimita moja kati ya pigo na pigo, kwa imani kwamba ukishika nyama nyingi umeshika imara. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2015 uliwagawa wagonjwa 560 makundi mawili. Kundi moja walishonwa kwa namna hiyo ya zamani, jingine kwa hatua ndogo za milimita 5 zinazoshika fashia peke yake bila kuburuza mafuta na misuli. Baada ya mwaka, waliopata ngiri kwenye kovu walikuwa asilimia 21 kwa hatua kubwa na asilimia 13 kwa hatua ndogo. Ngiri ya kovu ni ndugu wa polepole wa tumbo kufumuka: fashia imeachia kidogo kidogo chini ya ngozi iliyopona. Kushona kwa hatua ndogo kuliongeza dakika chache tu kwenye upasuaji, ingawa, kwa haki, dakika hizo huombwa saa ambayo timu nzima imeshachoka na mgonjwa mwingine anasubiri mlangoni.

Damu, chakula na muda

Kidonda hakipati nguvu kwa kukauka. Kinazipata kwa kusukwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na kazi hiyo ni ya polepole. Wiki ya kwanza kidonda karibu hakina nguvu yake mwenyewe. Mzigo wote uko kwenye uzi. Makadirio yanayofundishwa vyuoni ni kwamba wiki ya tatu kinakuwa na kama moja ya tano ya nguvu ya awali, wiki ya sita kama nusu, na baada ya miezi mitatu kama asilimia 80. Hapo ndipo kinapogota. Kovu halirudi kamwe kuwa kama nyama ya mwanzo. Kwa sababu hiyo fashia inapaswa kushonwa kwa uzi usioyeyuka, kama nailoni, au unaoyeyuka taratibu kwa miezi. Uzi unaopoteza nguvu ndani ya wiki chache huondoka kabla mwenye nyumba hajarudi.

Kolajeni haisukwi bila vitamini C, na ushahidi wa hili ni wa kutisha kidogo. Katika miaka ya 1740 meli ya kivita ya Uingereza, Centurion, chini ya George Anson, ilizunguka dunia huku mabaharia wakifa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Mmoja wao alikuwa mzee aliyejeruhiwa zaidi ya miaka 50 nyuma, kwenye vita vya Boyne kule Ireland mwaka 1690. Makovu yake, yaliyopona nusu karne iliyopita, yalifunguka upya kama vile hayakuwahi kupona. Mwili huvunja kolajeni ya zamani na kuweka mpya kila siku. Ukikosa malighafi, unavunja tu.

Halafu kuna John Crandon, daktari kijana wa upasuaji mjini Boston, ambaye mwaka 1939 alijinyima vitamini C kwa miezi sita ili ajionee. Alikatwa mgongoni mwezi wa tatu, kidonda kikapona. Akakatwa tena mwezi wa sita. Safari hii ngozi ya juu ilijifunga, lakini walipochunguza chini yake hakukuwa na dalili ya kupona. Alipopewa vitamini C, kikapona. Sijui mfano mzuri kuliko huu wa kumwonyesha mtu kwa nini hatupaswi kuridhika na sura ya ngozi.

Wagonjwa wengi wa kwetu hawana kiseyeye, lakini wengi hufika thieta wakiwa wameshapungua. Aliyetobolewa utumbo na taifodi ameugua wiki mbili au tatu kabla, hali chakula, anatapika, tumbo limejaa uchafu. Anapasuliwa usiku kwa dharura, na fashia inayoshonwa imeshaloa usaha. Huyo yuko kwenye hatari kubwa hata akishonwa na mkono bora kuliko yote. Ongeza kisukari kisichodhibitiwa, sigara, kikohozi cha muda mrefu, macho ya manjano kwa ugonjwa wa ini, maji tumboni, saratani, unene mkubwa, au dawa za steroidi ambazo mtu anazitumia kwa pumu au baridi yabisi bila kukumbuka kumwambia daktari. Mengi ya haya hayarekebishiki usiku mmoja. Upasuaji wa kupangwa lakini unaweza kusubiri sukari ishuke na mtu aache sigara kwa wiki chache, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kama unaweza.

Maambukizi, mtuhumiwa namba moja

Kama ningetakiwa kutaja chanzo kimoja tu, ningetaja maambukizi. Usaha huyeyusha kolajeni, hulainisha fashia, na huacha uzi ukiwa umeshika kitu kilichooza. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 12,000 waliopasuliwa njia ya chakula katika nchi 66, ulikuta kidonda kiliambukizwa kwa asilimia 9.4 katika nchi zenye maendeleo ya juu na asilimia 23.2 katika nchi zenye maendeleo ya chini. Karibu mmoja kati ya wanne. Hapo hutakuta ndoo wala kicheko.

Kinachotia moyo ni kwamba baadhi ya tiba ni rahisi kiasi cha kushangaza. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi saba, jirani yetu Rwanda ikiwa mojawapo, pamoja na Benin, Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, India na Meksiko. Katika karibu nusu ya hospitali 81, timu ya upasuaji ilitakiwa kubadilisha glovu na kuchukua vyombo vingine safi kabla tu ya kufunga tumbo. Nusu nyingine waliendelea na utaratibu wao wa siku zote. Kati ya wagonjwa zaidi ya 13,000, maambukizi yalikuwa asilimia 18.9 kwa utaratibu wa kawaida na asilimia 16.0 kwa waliobadilisha. Mantiki yake mtu yeyote aliyewahi kusafisha samaki anaielewa: mikono iliyotoka kugusa utumbo haifai kufungia mlango.

Mengine yamo kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016. Dozi ya antibiotiki itolewe kabla ya kisu, ndani ya dakika 120. Nywele zisinyolewe kwa wembe, kwani wembe huacha mikwaruzo midogo ambamo vijidudu hujificha. Zikilazimu kuondolewa, zipunguzwe kwa mashine. Wapo akina mama wanaojinyoa nyumbani kabla ya kwenda kujifungua wakidhani wanawasaidia manesi. Na kuendelea na antibiotiki kwa siku nyingi baada ya upasuaji, kama hakuna maambukizi, hakuongezi kinga, ingawa mgonjwa anayeruhusiwa bila vidonge hujiona amepunjwa.

Nyumbani

Akina mama wengi waliojifungua kwa upasuaji huruhusiwa kati ya siku ya pili na ya nne. Maambukizi kwa kawaida hujitokeza baadaye, kuanzia siku ya nne au ya tano hadi wiki ya pili na zaidi. Yaani wakati wa hatari anaukuta nyumbani, mikononi mwa mama mkwe, shangazi na majirani, kila mmoja na ujuzi wake.

Mkato wa uzazi wa kulala, chini ya mstari wa nguo ya ndani, ambao Mjerumani Hermann Johannes Pfannenstiel aliuelezea mwaka 1900, una faida kubwa: fashia yake huachia kwa nadra kuliko ile ya mkato wa kusimama. Tatizo lake ni mahali ulipo. Kwa mwanamke mnene, tumbo huufunika, joto na jasho hukaa humo mchana kutwa. Kuosha kwa maji na sabuni ya kawaida, kukausha kwa kugusa taratibu na kuacha hewa ipite hufanya kazi kuliko dawa nyingi za kupaka.

Kukandwa kwa maji ya moto ni mila inayopendwa, na kwa aliyejifungua kawaida nisingependa kugombana na bibi wa mtu. Kwa aliyepasuliwa, taulo la moto linalokandamizwa juu ya mshono mbichi linalowesha kidonda, linaweza kuunguza ngozi ambayo bado ina ganzi, na mkandamizo wenyewe hauna kazi yoyote ya kufanya pale. Mkaja mwepesi, au mkanda wa tumbo, humpunguzia mama maumivu anapotembea, na hauna ubaya ukifunguliwa kila siku kidonda kikaguliwe. Mkaja wa siku tatu bila kufunguliwa huficha harufu hadi mambo yaharibike.

Kuna na ile ya kufungua kapsuli ya rangi mbili na kumwaga unga wake kidondani. Unga ule hutengeneza gamba, usaha hubaki chini ukitafuta njia, na dawa yenyewe haifiki panapotakiwa. Spiriti, majivu na dawa ya meno navyo vina hadithi zao; vyote viachwe.

Kwa upande wa chakula, miiko ndiyo inayoumiza. Ziko nyumba ambako mgonjwa wa mshono hukatazwa mayai, maharage, samaki au nyama, eti kidonda kitatoa usaha. Anabaki na uji mweupe na chai ya rangi, wakati mwili unaomba protini ya kusukia kolajeni. Mpe mayai. Mpe maharage, dagaa, maziwa, mtori wenye nyama ya kutosha, na chungwa au embe au pera kwa ajili ya ile vitamini C ya Crandon.

Kikohozi kisizuiwe, makohozi yakikaa kifuani yanaleta nimonia. Mgonjwa akumbatie mto mdogo juu ya mshono kisha akohoe. Akitaka kuinuka kitandani ageuke ubavu kwanza, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono. Choo kigumu kitibiwe mapema kwa maji, matunda na dawa ikibidi. Kuhusu vitu vizito, ushauri wa kawaida ni kutobeba kinachozidi uzito wa mtoto mchanga kwa wiki sita hivi. Ndoo ya lita 20 basi iachiwe mwingine, ila akishaibeba na mshono ukaachia, jua kwamba mara nyingi ndoo ilikuta fashia imeshalegea.

Maji ya rangi ya waridi

Dalili moja inastahili kujulikana na kila anayemuuguza mtu aliyepasuliwa tumbo. Siku ya tano, ya sita, ya saba, kidonda kilichokuwa kikavu kinaanza ghafla kutoa majimaji mepesi, mekundu-mekundu kama maji yaliyooshewa nyama, mengi kiasi cha kulowesha bandeji na shuka. Hayanuki. Mgonjwa hana homa. Ngozi haijafunguka. Ni rahisi kubadilisha bandeji na kulala. Majimaji hayo mara nyingi yanatoka ndani ya tumbo kupitia fashia iliyoachia, na ngozi ndiyo peke yake inayozuia utumbo. Mgonjwa huyo arudi hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na asipande bodaboda.

Homa, wekundu unaotambaa, harufu, usaha na maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua vinaashiria maambukizi. Navyo ni vya kwenda leo.

Utumbo ukitoka nje, mtu huogopa na mkono hukimbilia kuurudisha. Usiurudishe. Mlaze mgonjwa chali, magoti yakunjwe kidogo ili tumbo lilegee. Funika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya dripu yenye chumvi, au maji yaliyochemshwa yakapoa, juu yake weka mfuko wa nailoni safi kisikauke. Asile, asinywe hata tone, kwa sababu anakwenda kulazwa kwa dawa ya usingizi. Utumbo uliokaa unyevu na haukuvutwa huvumilia safari kuliko watu wanavyodhani.

Hospitali, aliyefunguka juu tu kidonda hufunguliwa zaidi, husafishwa, nyama iliyokufa huondolewa, kisha huachwa kijaze kutoka chini kwenda juu kwa kusafishwa mara kwa mara. Ndugu hulalamika kwamba kidonda kimeachwa wazi bila kushonwa. Kukifunga na usaha ndani ni kurudi mwanzo. Kikishakuwa chekundu na safi, kinaweza kushonwa upya.

Aliyeachia fashia hurudishwa thieta, tumbo huoshwa, hutafutwa jipu au utumbo unaovuja, na fashia yenye uhai hushonwa tena. Pale ambapo fashia imeoza au tumbo limevimba kiasi kwamba kulifunga kungebana mapafu na figo, huachwa wazi kwa muda chini ya kifuniko. Maarufu zaidi kati ya vifuniko hivyo kilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1984, pale daktari Oswaldo Borráez alipochana mfuko wa dripu na kuushona kwenye kingo za kidonda. Plastiki safi, nyepesi, na unauona utumbo kupitia humo. Bado mfuko huo unaokoa watu katika hospitali zisizo na mashine za kunyonya majimaji.

Hata baada ya kupona, wengi waliofumuka tumbo hupata ngiri kwenye kovu miezi au miaka baadaye: uvimbe unaotokea ukisimama au ukikohoa na kurudi ukilala. Hurekebishwa kwa kuwekwa wavu wa plastiki unaoimarisha ukuta wa tumbo. Wapasuaji wengi hupenda kusubiri miezi kadhaa, hata mwaka, hadi uvimbe wa ndani utulie na mgonjwa arudishe uzito wake. Uvimbe huo ukigoma kurudi ndani, ukauma na kuambatana na kutapika, hakuna kusubiri miadi.